Kutunga shairi la kumuaga mtu bila kubandika jina

Kazi yangu ni cherehani. Nashona Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kibaraza chenye bati linalovuja upande mmoja, na ushairi ni kazi ya pili iliyokuja yenyewe. Mtu anafuata gauni la sherehe, anaona daftari langu pembeni ya mashine, anauliza kama naweza kumtungia beti mbili tatu za kusoma ukumbini. Huu ni mwaka wa 19 natunga ya harusi na ya kuaga wastaafu. Ya msiba nayatunga pia, ila hayo sipokei malipo.

Majuzi alikuja kijana, mtoto wa jirani yangu wa zamani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Akatoa simu. Kituo cha afya anakofanya kazi wanamuaga mkunga mmoja anayestaafu, naye amepewa jukumu la shairi. Programu ya kwenye simu imeshamtungia, anataka mimi nilipige pasi tu. Nikasoma:

Kalamu nimeishika, machache kuelezea,
Leo tumekusanyika, mama kukupongezea,
Kazi yako yasifika, kila kona yaenea,
Mungu akupe baraka, maisha kuendelea.

"Si liko sawa shangazi? Nimehesabu."

Liko sawa, nami nilihesabu. Kila mshororo, yaani mstari wa shairi, una mizani (silabi) 16, 8 kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 kwenye utao, nusu ya pili. Vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, vimekaa. Ukimpa mtu anayefuata zile sheria za kutunga mashairi alizoandika Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 (ndiye huyo mwenye jina la kiwanja cha mpira Arusha), hana pa kukushika. Nikamwambia: mwanangu, sasa lisome tena, lakini mahali pa mkunga mfikirie dereva wa lori. Akasoma. Mfikirie mwenyekiti wa mtaa. Akasoma, akaanza kucheka. Shairi lile lilimvaa kila mtu, kama lile shati la kuazima unaloweza kumpa mwembamba na mnene, na wote wawili wakaonekana wameazima.

Nilichomfundisha siku ile na siku tatu zilizofuata ndicho ninachokuandikia hapa. Ni mwongozo wa shairi la kuagia mtu, la unne, yaani mishororo minne kila beti, lenye kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudi kila beti. Yale huru, yasiyofuata vina na mizani, sitayagusa, siyajui vizuri.

Lakini kwanza niseme dhambi yangu, usije ukadhani nimezaliwa mwadilifu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na shairi moja la kumuaga mwalimu, zuri, lilipigiwa vigelegele. Baada ya miezi kama minne nikaletewa kazi ya kumuaga karani wa ofisi fulani. Cherehani imejaa nguo za Idi, sina muda. Nikafuta "chaki", nikaandika "kalamu", nikabadilisha jina, nikachukua fedha ya watu. Nikiwa jukwaani, beti ya pili, mama mmoja wa mstari wa tatu akaimaliza kabla yangu. Kibwagizo chote, kwa sauti, na mahadhi yaleyale. Alikuwepo kwenye ile ya mwalimu. Ukumbi ulicheka, mimi nikaendelea kusoma nikiwa nimeangalia karatasi tu, na karani wa watu akabaki anatazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyeibiwa siku ile.

Basi, tuanze.

Kabla ya kalamu, maswali

Usitunge neno kabla hujaongea na watu watatu. Mmoja awe amefanya kazi naye kwa karibu, mmoja awe amehudumiwa naye, mmoja awe wa nyumbani. Na usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu", na hayo ndiyo majibu yanayozaa mashairi ya kuazima. Uliza vitu vinavyoonekana na kusikika. Alikuwa anabeba nini mkononi akija kazini? Alikuwa anasema nini akikasirika? Kitu gani chake kilikuwa hakiguswi? Siku mambo yalipoharibika, alisimama wapi?

Kijana alirudi jioni na jibu moja tu la maana, lakini lilitosha. Kwamba zamani, kabla kituo hakijapata jenereta, umeme ulikuwa ukikatika usiku mkunga yule anatoa tochi mfukoni mwa sare yake, anaibana kwa meno, kisha anaendelea na kazi mikono miwili ikiwa huru. Kijana aliniambia hilo kama mtu anayeomba radhi kwa kukosa kitu kikubwa zaidi. Mimi nilishaacha kushona.

Siku ya pili akaleta la pili: kabati lake la wodini lilikuwa na kanga za akiba, kwa ajili ya wanaokuja kujifungua bila chochote.

Ukishapata vitu viwili vitatu vya namna hiyo, simama. Tamaa ya kukusanya kumi na tano ni njia nyingine ya kukwepa kutunga.

Anza na kibwagizo

Wengi huanza na "Bismillahi naanza" au "Kalamu nimeishika". Sina ugomvi na Bismillahi, iseme kwa mdomo kabla hujasoma, inatosha na inafika. Beti ya kwanza ni mahali pa gharama kubwa, usiijaze habari za kalamu yako. Hakuna mtu ukumbini asiyejua kwamba umeishika.

Kibwagizo ndicho kitakachorudi kila beti, ndicho watu watakachokwenda nacho nyumbani, kwa hiyo kitunge kwanza na ukipe ile habari yako nzito kuliko zote. Kwetu sisi ilikuwa tochi. Tulijaribu "Mama tochi twakuenzi". Ikawa kama nembo ya duka la vifaa vya umeme. Tukajaribu "Mwanga wako hautazimika", ikazidi mizani, na hata ingetosha, mwanga usiozimika umeshasomwa kwenye kila hafla tangu nikiwa mtoto. Kijana ndiye aliyesema, bila kufikiri, kwa lugha ya kawaida kabisa: "Sasa umeme ukikatika, nani atauma tochi?"

Nikamwambia andika hivyohivyo, upesi, kabla hujaanza kuwa mshairi.

Umeme ukikatika, nani tochi atauma?

Tuligeuza mpangilio kidogo tu, "nani tochi atauma", ili kina kiangukie kwenye "uma", neno lenye meno ndani yake. Ni swali, kwa hiyo kila linaporudi ukumbi unalijibu kimoyomoyo.

Kuhesabu

Mimi nahesabu kwa vifungo. Naweka vifungo vinane kushoto na vinane kulia juu ya meza, nasema mshororo polepole, kila silabi nasogeza kimoja. Vidole navyo vinafaa, ila vidole vina tabia ya kumhurumia mwenyewe.

Penye makosa ya kila siku ni hapa: silabi za m na n. "Mbuzi" ni mizani 2, mbu-zi. "Mbunge" ni 3, m-bu-nge. Ile m ya mbunge ni mu iliyopoteza u yake, bado inadai kiti chake. Ndiyo maana "mtoto" ni 3 na "mwalimu" ni 3 vilevile: m-to-to, mwa-li-mu. "Nchi" ni 2, n-chi, lakini n ya "ndizi" haikai peke yake, ndi-zi. Irabu mbili zikifuatana kila moja ni mzani wake, "saa" ni sa-a. Maneno ya kigeni sikiliza mdomo wako, "daktari" wengi wetu tunaihesabu 4. Ukikwama, liimbe. Mahadhi yatakuambia kabla ya kifungo.

Hilo la hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyoliogopa. Wiki moja ya mazoezi na limekwisha. Simu nayo siku ile ilihesabu sawasawa, na umeona ilichotuletea.

Vina vya bei rahisi

Tazama tena shairi la simu: kuelezea, kukupongezea, yaenea, kuendelea. Kiswahili kimetujalia utajiri unaoponza, kwamba karibu kila kitenzi ukikivuta kinaweza kuishia na -ea au -ia. Ukichagua kina hicho unaweza kutunga beti mia bila kupumzika, na hapo ndipo maneno yanapoanza kuvutwa bila sababu. "Kukupongezea" maana yake nini? Kukupongezea nani? Neno lilikuwa "kukupongeza", likaongezwa mkia ili lifike kwenye kina. Hali ni hiyohiyo kwa -ka, na kwa -ni ya mahali: nyumbani, kazini, moyoni, duniani, unaweza kusafiri na -ni mpaka Kigoma usikutane na wazo.

Ninavyofanya mimi, nachukua vile vitu nilivyoletewa na kuangalia vinaishia na nini. Tochi, meno, giza, mikono, kanga, kabati. "Meno" na "mikono" zina kina kimoja tayari, tena zote zimo kwenye kisa. Basi utao ni -no. "Giza" ikatupa -za kwa ukwapi. Kina kikizaliwa na kisa, hata usipopata maneno mengi, machache utakayopata yana undugu.

Daftari la vina unaruhusiwa kuwa nalo. Langu lina kurasa za kila silabi, nimeliandika mwenyewe, na ukurasa wa -ea nimeuacha mtupu kwa makusudi.

Kuikagua beti kwa mwili

Rasimu yetu ya kwanza ya beti ya kwanza ilikuwa na mshororo huu wa pili:

Mama unamliwaza, kwa matamu ya maneno.

Mizani 16. Kina -za, kina -no. Unateleza mdomoni vizuri. Nilienda nao nyumbani nikiwa nimeridhika, na usiku huo kwetu umeme ukakatika kweli, kama kawaida ya msimu wa mvua. Nikachukua tochi ndogo ya simu mbovu niliyonayo, nikaibana kwa meno nitafute kiberiti, binti yangu akaniita kutoka chumbani. Nikataka kumjibu. Nikatoa sauti ya ng'ombe.

Mtu aliyebana tochi kwa meno hawezi kusema neno! Matamu wala machungu. Mshororo wetu mzuri ulikuwa uongo, na kila muuguzi ambaye angekuwepo ukumbini angeujua mara moja.

Asubuhi nikampigia kijana: nenda kamuulize muuguzi mmoja aliyefanya kazi na mkunga yule, mama alipokuwa na tochi mdomoni, mzazi akilia, alikuwa anamtulizaje? Jibu likarudi saa nne: kwa macho. Alikuwa anamkazia macho tu, mpaka mzazi anatulia. Yule muuguzi akaongeza kwamba hata wao wauguzi walikuwa wanatulia.

Wodini likija giza, tochi hubana kwa meno,
Mama unamtuliza, kwa macho bila maneno,
Kichanga chajitokeza, chatua kwenye mikono,
Umeme ukikatika, nani tochi atauma?

Nimekaa na ushairi miaka mingi na bado jambo hili hunishangaza, kwamba ukweli ulitupa mshororo bora kuliko ule tuliobuni, tena kwa kina kilekile. "Matamu ya maneno" ningeyapata mezani bila kuinuka. "Bila maneno" yalihitaji giza la kweli na simu mbili.

Kwa hiyo kagua kila mshororo kwa mwili wako. Kama shairi linasema mtu alifungua mlango, fungua mlango. Kama linasema alitembea tangu alfajiri, hesabu saa, uone kama angefika.

Njia za mkato zilizo halali

Zipo, na wazee walizitumia. Inkisari, kufupisha neno: "nimeona" kuwa "meona". Mazda, kulirefusha: "afya" kuwa "afiya", "shukrani" kuwa "shukurani". Tabdila, kubadili silabi ili kina kikae. Kuboronga sarufi, yaani kupangua mpangilio wa maneno. Hizi ni kama bitana, zinafanya nguo ikae, lakini zikianza kuonekana nje kuna tatizo la mkato. Sheria yangu ni moja tu na sikuisoma popote: fupisha pale ulimi wa mtaani unapofupisha tayari. Ukilazimika kumweleza msikilizaji baadaye kwamba "hapo nilimaanisha…", rudisha neno lote na utafute kwingine.

Beti ya kanga nilimwachia kijana ajaribu peke yake. Alikesha nayo. Nilibadilisha neno moja tu:

Ndani ya lako kabati, hamkosekani kanga,
Asiye hata na senti, huondoka kajifunga,
Wapo hapa katikati, nusu ya watu wa Tanga,
Umeme ukikatika, nani tochi atauma?

"Lako kabati" badala ya "kabati lako" ni kuboronga, na "kajifunga" ni "amejifunga" aliyekatwa kichwa. Zote nimeziacha, kwa sababu hakuna atakayesita kuelewa. "Nusu ya watu wa Tanga" ni chumvi, lakini ni chumvi ya mtaani, ya kuchekesha, na inamfanya kila aliyekaa pale ajiulize alizaliwa mikononi mwa nani.

(Sisi watu wa Tanga tuna kiburi cha ajabu katika mambo haya. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na hapa, mwaka 1909, basi kila mmoja wetu hudhani ushairi unakuja na maji ya bomba. Hauji hivyo. Nimesikia harusi za Tanga zenye mashairi ya kuua mtu kwa usingizi.)

Kuhusu ile programu ya simu: sikumkataza kijana. Aliitumia kuchapa shairi kwa herufi kubwa, na kukagua tahajia. Ila tulipoiambia habari ya tochi ili tuone itafanya nini, ilirudisha "nuru ya matumaini". Ilikuwa imepewa meno, ikayang'oa.

Urefu, muda, na siku yenyewe

Beti tano. Saba kama mtu ni mkubwa sana. Zaidi ya hapo wali unapoa na watu wanaanza kumtazama mpishi. Kama umepewa kazi leo na hafla ni kesho, usiandike beti saba za kubandika, andika mbili ulizoziulizia. Hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba shairi lilikuwa fupi.

Likiisha, liweke siku mbili bila kuligusa. Kisha lisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hamjui huyo anayeagwa. Mimi namsomea muuza kahawa anayepita kibarazani saa kumi. Akiuliza swali kuhusu mtu yule, "ehe, kisha tochi ikaisha betri?", shairi liko hai. Akisema "zuri sana Bi Fundi" huku anasuuza vikombe, narudi mezani.

Hakikisha jina la mhusika limeandikwa kama anavyoliandika yeye. Mpe nakala yake mkononi ukimaliza kusoma, si kesho yake. Na usisome mwenyewe kama kuna mtu aliye karibu naye zaidi. Kijana alitaka mimi nisome kwa sababu ya sauti. Nilikataa. Alisoma yule muuguzi mwenzake, kwa sauti iliyokuwa inakwaruza, na kwenye kibwagizo cha tatu wahudumu wa nyuma walikuwa wameshaanza kukiitikia.

Mimi nilikaa karibu na mlango, nimevaa gauni nililolipiga pindo usiku wa manane. Wakati wa chakula mwanamke mmoja akanifuata na sahani yake. Mume wake ni dereva wa lori, anastaafu Desemba, je, naweza kumbadilishia kidogo lile shairi, niweke lori mahali pa tochi?

Nikamwuliza, mumeo akifika pale njia panda ya Segera usiku, huwa anasimama anunue nini?

Akasema hajui. Akaweka sahani chini, akatoa simu ampigie.